Gari la zamani linagonga chini: kukitafuta kipuri kilichochoka kabla ya kulipa

Mwenye gari lenye umri wa miaka kumi na tano au ishirini anapofika gereji na malalamiko ya kugonga chini, jibu la kwanza analopewa mara nyingi ni kwamba shokapu, vifaa vinavyolizuia gari kudundadunda, zimekufa. Shokapu ni miongoni mwa vipuri ghali vya saspensheni, hubadilishwa kwa jozi, na ndizo zinazosingiziwa kuliko kipuri kingine chochote. Matokeo yake ni kwamba mtu hununua jozi ya mbele, hulipa ufundi, hutoka gereji, na kabla hajafika nyumbani mgongo uleule (mlio wa kugonga) umerudi, kwa sababu kilichokuwa kikigonga ni stabilaiza linki, kifito chembamba kinachoshika chuma cha stabilaiza, kile kinacholizuia gari kulala kwenye kona, na kinachouzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya shokapu moja. Katika gari la zamani, fedha nyingi hupotea kwa kubahatisha na kwa kulipia kazi ileile mara mbili kuliko zinavyopotea kwa ughali wa vipuri vyenyewe.

Maelezo haya yanalenga magari madogo ya Kijapani yaliyojaa katika barabara za Tanzania na Kenya, kama IST, Vitz, Corolla, Premio na Noah. Mengi kati ya hayo, hasa yale yanayovutwa na tairi za mbele, yana shokapu iliyosimama ndani ya springi, mkono mmoja wa chini (chuma kinachoiunga tairi na fremu) kila upande, na nyuma yana boriti moja ya chuma inayoziunganisha tairi mbili. Vipuri vyake si vingi, na ndiyo maana hitilafu zake hujirudia. Gari kama Prado lina mikono ya juu na ya chini kwa mbele, kwa hiyo boljointi zake (maungio ya duara yanayoiruhusu tairi kugeuka) na bushi zake (raba za kwenye maungio) ni nyingi zaidi na bili yake hupanda kwa kadiri hiyo.

Usitegemee kilomita peke yake unapokadiria uchakavu. Raba huzeeka kwa miaka na kwa joto hata gari likiwa limesimama tu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini hiyo ina maana kwamba gari linaloshuka Mombasa leo likiitwa jipya linaweza kuwa na bushi za miaka sita au saba, ambazo matuta na mashimo ya miezi michache yanatosha kuzimaliza.

Kabla ya kugusa kitu

Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe au vigingi nyuma ya tairi ambazo hazitanyanyuliwa, na usiingize kichwa wala mkono chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Kama huna stendi za chuma, fanya ukaguzi unaofanyika tairi zote zikiwa chini na uishie hapo. Kisha ondoa vitu vyote kwenye buti, hakikisha tairi la akiba na jeki vimefungwa imara, kaza nati za tairi, na pima upepo kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Inashangaza ni migongo mingapi ya nyuma inayotokana na spana ya tairi inayorukaruka ndani ya buti.

Gari linagonga kwenye barabara mbovu kwa mwendo mdogo

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Mara nyingi ni mgongo mkavu na wa harakaharaka, unaosikika zaidi tairi la upande mmoja linapopanda na la pili likabaki chini, kama ilivyo kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi. Mshukiwa wa kwanza ni stabilaiza linki. Shika linki kwa mkono tairi zikiwa chini na uitikise kwa nguvu. Ikicheza kwenye kichwa chake au ikitoa mlio uleule unaoujua, umeipata. Njia ya uhakika zaidi ni kuzifungua linki zote mbili, kuzifunga pembeni kwa waya ili zisiguse kitu, na kuendesha polepole mtaani kwa umbali mfupi. Mgongo ukitoweka, hakuna haja ya kuendelea kutafuta. Gari litalala zaidi kwenye kona wakati wa jaribio hilo, kwa hiyo usiingie barabara kuu.

Anayefuata ni bushi mbili za raba zinazoshika chuma cha stabilaiza kwenye fremu. Zikilika, chuma hupata nafasi ya kucheza na hutoa mgongo mzito kidogo. Bushi hizi ni za bei ya chini, ingawa katika baadhi ya magari kuzifikia kunahitaji kushusha fremu ndogo ya mbele, na hapo ufundi huzidi bei ya kipuri mara kadhaa. Uliza jambo hilo mapema.

Ikiwa linki na bushi zake ni nzima, elekeza macho kwenye boljointi ya mkono wa chini. Nyanyua tairi moja, weka stendi, kisha shika tairi juu na chini ulitikise kwa kulivuta na kulisukuma, huku mtu wa pili akiangalia kwa tochi maungio ya mkono na habu (kitovu cha tairi). Mchezo ukionekana kwenye boljointi, kipuri hicho kimekwisha. Mchezo ukihisiwa lakini boljointi imetulia, mwombe mtu akanyage breki na urudie; ukitoweka, tatizo ni beringi ya tairi. Baada ya hapo shika tairi kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo huelekeza kwenye tairodi endi (ungio la nje la ufito wa usukani), au kwenye raki endi (ungio lake la ndani) iliyofichwa ndani ya mpira wenye mikunjo.

Mauntingi ya juu ya shokapu, kishikizo chake cha raba kwenye bodi, huja baadaye. Fungua boneti, mwombe mtu ausukume mwili wa gari chini na juu, na uweke vidole juu ya mauntingi: raba iliyopasuka huonekana na chuma huhisiwa kikigonga. Shokapu yenyewe hugonga pia, lakini ni mara chache, na kwa kawaida ni pale nati ya juu ilipolegea au shokapu ilipokwisha kabisa kwa ndani. Usisahau kalipa ya breki, ambayo pini zake zikilika hugonga kwa namna inayofanana sana na linki. Gusa breki kidogo wakati mgongo unasikika, na ukinyamaza papo hapo, tafuta huko.

Onyo linalohusu boljointi halina mjadala. Linki iliyokufa hupiga kelele nyingi na kuhatarisha kidogo, ilhali boljointi inaweza kulegea kimyakimya hadi siku inapochomoka na tairi likalala ubavu gari likiwa katika mwendo. Ukiona mchezo dhahiri, au mpira wake umepasuka na grisi yote imetoka na chuma kinakwaruza, usiliendeshe gari hadi gereji ya mbali kwa sababu tu bei yake ni nafuu. Mwite fundi aje, au livutwe.

Gari linadunda baada ya tuta, au linazama sana mbele likifunga breki

Hapa ndipo shokapu zinapohusika kweli. Kagua kwanza kwa macho. Utando mwembamba wa mafuta ulioshika vumbi karibu na sili ni jambo la kawaida, lakini mafuta yanayotiririka hadi chini ya shokapu yanamaanisha sili imekwisha. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi: ukihisi mabonde mabonde yanayofuatana kuuzunguka mzunguko, tairi limekuwa likiruka juu ya lami badala ya kuikanyaga. Halafu bonyeza kona ya gari kwa uzito wa mwili na uachie. Likipanda na kushuka zaidi ya mara moja au mbili kabla ya kutulia, shokapu ya kona hiyo imechoka. Kipimo hiki kinaweza kuibaini shokapu iliyokufa, lakini hakitoshi kuthibitisha kwamba shokapu ni nzima, kwa sababu mkono wa mtu hauwezi kuiga tuta lililopandwa kwa kilomita 40 kwa saa.

Badilisha mbili za mbele pamoja, au mbili za nyuma pamoja. Moja mpya na moja iliyochoka kwenye eksi moja hulifanya gari liyumbe linapofunga breki. Wakati shokapu imeshushwa, badilisha pia stopa ya raba na kava la vumbi, na ukague mauntingi na beringi yake, kwa kuwa kazi ya kuvifikia imeshalipiwa. Mtu anayeacha mauntingi yenye ufa ili kuokoa fedha kidogo hulipa ufundi wote upya baada ya miezi michache.

Kuna mazoea ya kuzijaza mafuta au gesi shokapu za zamani. Kujaza hakuondoi mikwaruzo kwenye ufito wala hakufanyi upya vali za ndani, kwa hiyo unafuu wake huwa wa muda. Shokapu za mtumba kutoka Japani ni bora kuliko hizo, ilimradi uzijaribu dukani: isimamishe wima, ikandamize hadi chini kisha ivute, na usikie ukinzani unaolingana njia nzima. Ikishuka ghafla katikati, au ufito ukiwa na kutu au michubuko, iache dukani.

Kazi ya kutenganisha shokapu na springi haipaswi kufanyiwa nyumbani bila kifaa maalumu cha kukandamizia springi, kilicho kizima na chenye ndoano mbili zinazokazwa kwa zamu. Springi iliyokandamizwa ina nguvu ya kuvunja mfupa au kuua. Fundi anayeifunga kwa minyororo au waya na kuilegeza kwa nyundo, mwondokee.

Tairi zinalika upande mmoja, au gari linavuta

Anza na upepo wa tairi, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo huvuta gari upande wake. Ukiwa sawa, badilishana tairi za mbele, la kushoto liende kulia na la kulia kushoto, isipokuwa zile zenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia upande wa pili, lawama ni ya tairi. Kisha, baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu iliyo na joto kupita wenzake ina breki inayoshika.

Hayo yote yakiwa salama, kagua bushi za mkono wa chini, hasa ile kubwa ya nyuma. Dalili yake inatambulika: gari huvuta upande mmoja ukikanyaga mafuta na upande mwingine ukifunga breki, kwa kuwa mkono unasogea mbele na nyuma. Ukiiangalia kwa tochi utaona mpasuko unaozunguka katikati ya raba, wakati mwingine mpana wa kuingiza ukucha. Wili alaimenti (kupanga pembe za tairi) juu ya bushi ya namna hiyo ni fedha iliyotupwa, maana vipimo vinavyowekwa kwenye mashine havibaki vilevile barabarani. Kituo chenye uaminifu hukataa kuipima hadi bushi zibadilishwe.

Magari yaliyonyanyuliwa kwa spesa, yaani vipande vinavyoongezwa kwenye saspensheni ili gari liinuke, yanastahili kutajwa peke yake. Ninaelewa sababu, kwani barabara za ndani za mitaa mingi ya Dar es Salaam huikwaruza IST tumboni. Lakini spesa nene huongeza pembe ya sivi jointi (ungio la ufito unaoizungusha tairi) na boljointi, huifanya shokapu ifanye kazi ikiwa imenyooka karibu na mwisho wake, na huharibu vipimo vya tairi kiasi ambacho alaimenti ya kawaida wakati mwingine haiwezi kuvirudisha. Ukinunua gari la aina hiyo na tairi zake zinalika ndani, hesabu gharama ya kuziondoa spesa kabla ya kununua kipuri chochote.

Usukani unatetemeka

Mtetemo unaoanza karibu na kilomita 80 kwa saa na kupungua ukizidi au ukipunguza mwendo ni wili balansi (uzito wa tairi usiolingana kuizunguka), au tope lililokauka ndani ya rimu, na tiba yake ni ya bei ndogo. Mtetemo unaokuja unapofunga breki tu ni wa diski. Unaobaki kila wakati ndio unaopeleka macho kwenye tairodi endi, bushi za mkono wa chini na rimu iliyopinda. Mchezo kwenye tairodi huhesabiwa sawa na ule wa boljointi: gari lisimame hadi ibadilishwe, na alaimenti ifuate.

Gari limelala upande mmoja

Pima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili, gari likiwa tupu na mahali tambarare. Tofauti inayoonekana kwa macho karibu kila mara ni springi iliyochoka au iliyovunjika. Springi hupenda kukatika kwenye mzunguko wa mwisho wa chini, pale maji na mchanga vinapotuama, na katika miji ya pwani chumvi huharakisha kutu. Kipande kilichokatika kinaweza kulichana tairi, kwa hiyo gari lenye springi iliyovunjika mbele haliendeshwi. Springi za mtumba zinafaa, ilimradi zinunuliwe mbili zinazofanana na zisiwe na kutu inayobanduka.

Sauti wakati wa kukata kona

Tak-tak-tak inayosikika usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na gari likivuta ni sivi jointi, nayo si sehemu ya saspensheni. Mkwaruzo, au mlio wa springi inayojikunja kisha kuruka wakati unazungusha usukani gari likiwa limesimama, ni beringi ya mauntingi. Muungurumo unaopanda pamoja na mwendo na kubadilika ukikata kona ni beringi ya tairi. Ukizidi unapokata kushoto, shuku ya kulia, kwa kuwa ndiyo inayobeba uzito.

Fedha inakwenda wapi

Bili ya saspensheni ina sehemu tatu: kipuri, ufundi na alaimenti. Wengi hubishana juu ya kipuri na kusahau kwamba nati zilezile hufunguliwa kwa kazi zaidi ya moja. Kubadilisha mkono wa chini, boljointi na shokapu ya upande huohuo siku moja kunapunguza ufundi, na alaimenti hulipwa mara moja badala ya tatu. Kama fedha haitoshi, usigawanye kwa kufuata kelele. Tanguliza boljointi, tairodi na springi iliyovunjika, zifuate shokapu, kisha bushi za mikono, na linki zibaki mwisho, hata kama ndizo zinazokuudhi kila siku.

Swali la kununua mkono mzima au bushi pekee hutegemea gari. Katika baadhi ya magari boljointi imefungwa kwa bolti na hutolewa peke yake, na katika mengine imeshikamana na mkono. Bushi pekee ni nafuu, lakini zinahitaji presi. Fundi anayezigongelea kwa nyundo huzipinda kabla hazijaanza kazi. Mkono wa mtumba una mtego wake, kwa sababu bushi zilizomo ni za umri uleule wa zako. Chuma cha mtumba nakikubali bila wasiwasi, raba ya mtumba siikubali.

Hata bushi halisi huuawa mapema na ufungaji mbaya, na hili ndilo kosa la gereji linalowagharimu wenye magari kuliko wanavyojua. Bolti za bushi za mkono wa chini zinapaswa kukazwa mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake, tairi zikiwa chini. Zikikazwa tairi zikiwa zinaning'inia, raba hufungwa ikiwa imejipinda, na gari likishushwa raba hubaki imesokotwa muda wote hadi ipasuke. Mwenye gari hulaumu bushi kuwa feki, hununua nyingine, na fundi huifunga vilevile. Simama pale wakati wa kukaza na uombe bolti zikazwe gari likiwa chini.

Unapokwenda Kariakoo, Gerezani au Kirinyaga Road kule Nairobi, nenda na namba ya chesisi na kipuri cha zamani mkononi. Kusema "Premio" tu hakutoshi, kwani NZT240 na AZT240 ni Premio zote mbili ilhali zina injini na uzito tofauti, na gari linalovutwa na tairi zote nne linaweza kuwa na saspensheni ya nyuma isiyofanana kabisa. Kabla ya kununua, mwambie fundi akuonyeshe mchezo wa kipuri kwa macho yako, mkubaliane bei ya ufundi kwa kazi nzima, na udai vipuri vya zamani baada ya kazi.

Kuna hali ambapo hesabu yote hiyo inasimama. Kutu iliyokula mahali mkono unapofungwa kwenye fremu, ufa kwenye mnara unaoshika mauntingi ndani ya boneti, au boriti ya nyuma iliyopinda baada ya ajali, ni kazi ya bodi na chesisi, na vipuri vipya havitaitibu. Mpeleke fundi wa bodi alikague gari kwanza, kisha linganisha bei yake na thamani ya gari kabla ya kununua hata bushi moja.

Kazi ikikamilika, omba karatasi ya vipimo vya alaimenti, vya kabla na baada, na uihifadhi pamoja na risiti za vipuri. Baada ya wiki moja au mbili za matumizi rudi gereji, nati zote zilizofunguliwa zijaribiwe kwa spana, kisha pitisha kiganja tena juu ya tairi za mbele.